Mpungate Ungali Uani

Mgeni anayekuja Kasese kutoka upande wa Mbarara, akishavuka daraja la Katunguru, huniuliza swali ambalo nimeshalizoea. Ananyoosha kidole kwenye mti uliosimama peke yake nyikani, matawi yake ya kijani yameinuka pamoja kama mishumaa kwenye kinara, anasema: "Kumbe kakitasi za kwenu zinakuwa miti mizima!"

Si kakitasi, yaani si dungusi kakati. Mti ule ni Euphorbia candelabrum, Waganda wanauita enkukuulu, na ni mwenyeji wa Afrika sawa na viboko wa Mfereji wa Kazinga. Ndugu yake ni mnyaa, ule mmea wa vijiti vya kijani ambao wazee walizungushia maboma. Asiyeamini namwambia auchubue kidogo, ila asijipanguse uso: yatatoka maziwa meupe makali yanayoweza kumpofusha mtu. Mpungate, ule mmea wa vipande bapa vyenye miiba, ambao kweli ni wa jamii ya dungusi kakati, ukiukata hutoa ute wa kuvutika kama wa bamia. Tena kakati ina alama ambayo enkukuulu haina. Miiba yake yote huchomoza kwenye vidoti vyenye manyoya, vimepangana mwilini kama vifungo vya koti. Mimea hii miwili haina undugu wowote wa karibu. Imefanana kwa sababu ililelewa na ukame ule ule, mmoja ng'ambo ya bahari na mwingine hapa kwetu, na kila mmoja kwa wakati wake ukajifunza kuacha majani, kunenepesha shina, kuhifadhi maji ndani na kuweka miiba nje.

Kiswahili kina neno la mmea huu, mpungate, lakini hapa Kasese wengi hawalitumii. Wanasema kakitasi, na jina hilo hilo wanaipa enkukuulu. Kosa hilo dogo la jina lina gharama. Anayeona kakati kila mahali haioni ile ya kweli inapoingia.

Nyuma ya soko letu liko ghala la zamani, paa lilishang'oka. Juu ya ukuta wake, mahali ambapo mtu hafiki bila ngazi, umeota mpungate. Hakuna aliyeupanda. Hakuna hata udongo pale, zaidi ya vumbi lililojikusanya kwenye ufa wa matofali. Naamini mbegu ililetwa na ndege aliyekula tunda kwenye ua wa jirani yangu, hatua kama mia mbili kutoka pale, akaja kutua ukutani na kuacha kinyesi chake. Sasa una vipande kumi na vinne, nimevihesabu, kila kimoja kipana kama kiganja cha mtu mzima, kimebebwa na mwenzake kwa ukingo. Watu wanapita chini yake kutwa wakienda kununua ngege, na sijasikia hata mmoja akiuliza umefikaje huko juu.

Makao ya asili ya jamii hii ni Amerika. Kabla ya safari ya Columbus ya mwaka 1492 hakuna mkulima wa Afrika, Ulaya wala Asia aliyekuwa ameuona mpungate. Iko kakati moja tu ambayo wataalamu wa mimea wanaihesabu kuwa ya asili pia katika bara letu, na kwa sura huwezi kuidhania: Rhipsalis baccifera. Haina miiba ya kutisha wala haikai jangwani. Inaning'inia kwenye matawi ya miti katika misitu yenye unyevu, ya Uganda ikiwemo, kama nywele za kijani, na huzaa vitunda vidogo vyeupe ambavyo mbegu zake zinanata. Ilivukaje Atlantiki ni mjadala wa siku nyingi. Wapo wanaosema ndege waliibeba, wapo wanaosema ni mabaharia. Mimi ninachokipenda katika habari yake ni kwamba imekaa na wenzake vizuri. Haijaufukuza mti wala kumnyima mnyama malisho.

Kwa hiyo ninapoulalamikia mpungate, silalamikii ugeni. Muhogo, mahindi na maharage yote yalitoka Amerika. Ndizi tunazopikia matoke asili yake ni Asia. Hata sasa wako wakulima wa Uganda wanaopanda tunda la joka, na lile nalo ni kakati, ya kule Mexico na Amerika ya Kati, inayotambaa juu ya nguzo na kufungua maua yake makubwa meupe usiku ili popo na nondo wayatembelee. Naliona sokoni, nanunua, nakula. Mmea unaohitaji nguzo, mbolea na mkono wa mtu ili uzae vizuri haunitii wasiwasi sana.

Mpungate hauhitaji mkono wa mtu. Mimea mingi hufungua vitundu vyake vya hewa mchana na kupoteza maji juani. Mpungate hufungua vyake usiku, kukiwa na ubaridi, na mchana hujifunga. Ndiyo maana unabaki kijani Februari wakati kila kitu kimekauka. Kipande kimoja kikianguka chini, hata kikikaa juu ya ardhi kavu wiki kadhaa, kitatoa mizizi upande uliogusa udongo na kuanza maisha. Matunda yake matamu yamejaa mbegu ngumu ambazo tumbo la nyani, tembo au ndege huzipitisha zikiwa nzima. Kuukata ovyo, basi, ni kuuzidisha.

Nalijua hilo kwa mkono wangu. Mwaka jana, kiangazi kikiwa kikali, nilimsaidia jirani yangu kupunguza ua wake. Ni mama mtu mzima, mkulima wa mahindi, na ua ule aliupata kwa kipande kimoja tu alichopewa na mtu. Nilikuwa na panga na glavu za kitambaa. Miiba mirefu inaonekana, unaikwepa. Iliyonipata ni ile midogo, manyoya ya rangi ya dhahabu yaliyojazana kwenye kila kidoti, membamba kuliko nywele, yenye ndoano za kurudi nyuma. Yalipenya glavu bila mimi kuhisi. Usiku nikawa nalala huku kiganja kinawaka, nabandika selotepu na kuibandua, kila safari inatoka na miiba kumi na kuacha mingine. Siku ya nne ndipo niliposhika kalamu sawasawa. Tangu hapo nikisikia habari ya mbuzi aliyejaza mdomo mmea huu, sihitaji kuelezwa zaidi.

Nilipomwambia yule mama kwamba mmea huu ni hatari alinitazama kwa huruma. "Mwanangu, huyu ndiye askari wangu. Halali, hadai mshahara." Vipande tulivyokata akavitupa mtaroni. Mvua za Machi zikavisukuma hadi kwenye kalavati, na kutoka pale vikaelekea bondeni ambako ng'ombe huchungwa, jirani na mpaka wa Hifadhi ya Malkia Elizabeth. Nilipopita Juni, vingine vilikuwa vimesimama, vimetoa vichipukizi vyekundu.

Laikipia, nchini Kenya, ilianza hivyo. Mpungate wa aina ya Opuntia stricta ulipandwa enzi za ukoloni uwe ua na pambo. Kwa miongo mingi ulikaa mahali pake, watu wakauona kama sehemu ya mandhari. Halafu malisho yakachoka kwa mifugo kuzidi, ardhi ikabaki wazi, na tembo na nyani waliokula matunda wakaenda wakiyapanda kila walikopita. Leo wafugaji wa huko wanakuonyesha mbuzi wenye vidonda midomoni na ng'ombe waliopofuka kwa miiba. Majani ambayo ng'ombe alikuwa akiyala yapo chini ya mpungate, hayafikiki. Kinachoniumiza katika habari za Laikipia ni ile miaka ya ukimya. Mmea ulikuwepo, unaonekana, unajulikana, na hakuna aliyeona sababu ya kunyoosha mkono. Sisi Uganda sasa hivi tuko ndani ya miaka hiyo.

Kuna mfano mkubwa zaidi ambao husimuliwa sana. Mwaka 1788 meli za Kapteni Arthur Phillip zilipeleka mpungate Australia kutoka Brazil, kwa ajili ya kidudu kiitwacho kochinili kinachoishi juu yake na kutoa rangi nyekundu iliyokuwa na thamani kubwa. Kufikia miaka ya 1920 mipungate ilikuwa imefunika hekta zipatazo milioni 24. Uganda yote, pamoja na maziwa yake, ni hekta milioni 24. Watu walihama mashamba. Mwaka 1926 walianza kuachilia nondo kutoka Argentina, Cactoblastis cactorum, ambaye viwavi wake hula mpungate kutoka ndani, na katika miaka michache sehemu kubwa ya pori lile ikaoza. Huko Boonarga, Queensland, mwaka 1936 walijenga ukumbi wa kijiji kwa kumbukumbu ya nondo huyo, na upo hadi leo.

Sisi pia tuna wadudu wa kushukuru. Gugu maji lilipoziba Kyoga na Victoria, hadi mitumbwi ikashindwa kutoka, watafiti wa kilimo wa Uganda walizalisha fukusi kutoka Amerika ya Kusini na kuanza kuwaachilia Kyoga mwaka 1993. Kabla muongo haujaisha, sehemu kubwa ya mikeka ile ilikuwa imezama. Gugu halijaisha, lakini mvuvi alirudi majini.

Kwa sababu hiyo wapo wanaoniambia: wasiwasi wa nini? Mpungate ukizidi tutaleta mdudu wake, kama Australia, kama Laikipia wenyewe walivyoleta kochinili anayeukausha. Jibu hilo linavutia, na lina kasoro moja. Gugu maji halikuwa chakula cha mtu. Mpungate, ukikaa muda mrefu, unakuwa chakula.

Wamadagaska wanalijua hili kuliko mtu yeyote. Katika karne ya 18 Wafaransa waliupeleka mpungate kusini mwa kisiwa chao, Fort-Dauphin, kuzungushia ngome. Ukatoroka ngome ukaenda nyikani, na Waantandroy, wafugaji wa nchi ile kavu, wakauchukua. Wakauita raketa. Wakazungushia vijiji na mazizi, wakachoma miiba na kuwapa ng'ombe wakati wa kiangazi, wakala matunda yake, wakapata maji ndani yake mahali ambapo visima havipo. Vizazi vilipita hivyo. Askari wa kikoloni walipokuja kuwatiisha, walishindwa kupenya kuta za miiba ile. Kisha, miaka ya 1920, kochinili akaletwa kisiwani chini ya utawala huo huo. Katika miaka isiyozidi mitano au sita raketa ikafa karibu yote. Ukame ulipokuja hakukuwa na akiba. Ng'ombe walikufa kwa maelfu, watu wakafa kwa njaa, waliobaki wakatawanyika kutafuta vibarua kwenye mashamba ya wakoloni.

Na Tigray, Ethiopia, mambo yanayofanana yametokea katika karne hii. Huko mpungate unaitwa beles, ulifika karne ya 19, na matunda yake huiva katika miezi ya mvua, wakati ghala la nyumbani limekwisha na mavuno mapya hayajaja. Familia maskini huvuka miezi hiyo kwa beles, wa kula na wa kuuza barabarani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kochinili alipelekwa kama mradi wa kuzalisha rangi kwa ajili ya kuuza nje. Mradi ulipokwama mdudu hakukwama. Alitoka kwenye mashamba ya mradi akaingia kwenye milima ya watu, na beles ikaanza kukauka kwa wasio na mkataba wowote wa rangi.

Nimeyazungusha mambo haya mawili kichwani kwa muda mrefu, Laikipia upande mmoja, Madagaska na Tigray upande mwingine, kwa sababu kwa haraka yanaonekana kupingana. Kwa mmoja mpungate ni mwizi wa malisho, kwa wengine ni mkombozi. Nimefika kuamini kwamba yanasema jambo moja kuhusu wakati. Mpungate ukiwa bado uani, kuuondoa kunamgharimu mtu jembe na asubuhi moja. Ukishatoka uani ukaenea nyikani, unawaumiza wafugaji. Ukikaa zaidi, hadi watu wakaujengea maisha, basi hata kuuondoa kunawaumiza. Kila hatua tunayochelewa, anayelipa ni maskini zaidi kuliko aliyepanda.

Kuna hoja ya upande wa pili ninayoiheshimu. Mwaka 2017 shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilishauri nchi kavu zifikirie mpungate kama zao: malisho, matunda, na akiba ya maji kwa mifugo. Mtu wa Karamoja aliyeona ng'ombe wake wakidondoka mmoja mmoja Februari ana haki ya kuuliza kwa nini mimi, ninayeandika nikiwa nimekaa kivulini, namnyima mmea unaokaa kijani. Simnyimi. Namwomba aulize maswali mawili kabla ya kupokea. Ni aina gani? Mpungate usio na miiba unaopandwa kwa malisho ni Opuntia ficus-indica, si ule mfupi wa maua ya njano ulioharibu Laikipia, na wauzaji wa miche hawatofautishi. Na atakayeulinda ni nani? Mmea usio na miiba unaliwa wote na mbuzi kama hauna ulinzi, na miche inayotokana na mbegu zake inaweza kurudi kuwa na miiba. Shamba la mpungate ni shamba kama jingine, lina mwenye nalo, lina mpaka, lina anayefuatilia kilichotoka nje ya mpaka. Kitalu cha maua kando ya barabara ya Entebbe kinachouza vipande kwenye makopo ya rangi hakina hayo.

Hapo kwenye vitalu ndipo ninapotaka macho yetu yaende. Mpungate haukuja Kasese kwa upepo. Umekuja kwenye buti la gari, ndani ya mfuko wa nailoni, ukiwa zawadi, au umenunuliwa na mwenye hoteli aliyetaka bustani isiyohitaji kumwagiliwa. Serikali ya wilaya haihitaji fedha za wafadhili ili kuwapitia wauza miche wa mji mmoja na kuwaambia Opuntia zisiuzwe karibu na hifadhi. Afisa kilimo wa kata anaweza kuzunguka na kuorodhesha nyua za mpungate kwa wiki mbili. Hapa kwetu nimejaribu mwenyewe nikapata nane. Askari wa hifadhi tayari wanapambana na mimea vamizi mingine, wanang'oa na kufyeka kila msimu. Gharama ya kazi ile wanaijua. Nane ni idadi ya mtu kuimaliza kwa jembe.

Na watu wafundishwe kuutupa. Hili ni dogo na ndilo linaloharibu zaidi. Vipande visitupwe mtaroni, mtoni wala pembezoni mwa barabara. Vichimbiwe shimo refu, vifukiwe kwa udongo mwingi, na mahali pale parudiwe baada ya mvua kuangalia kama kuna kilichochomoza. Anayeshika asivae glavu za kitambaa. Koleo la jikoni linafaa kuliko glavu.

Ua mbadala upo, na ulikuwepo kabla ya mpungate. Mnyaa unashika kwa kipande cha tawi vile vile, unastahimili jua, na mifugo haiuli. Una maziwa yake makali, kweli, lakini wazee wetu waliishi nao na walijua kuwaonya watoto. Enkukuulu yenyewe, ile inayosingiziwa ukakitasi, bado inazungushiwa mazizi katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki.

Yule mama jirani nimemwambia haya yote, nikamweleza na habari za Waantandroy. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza: "Na ng'ombe wakiingia kwenye mahindi yangu kabla mnyaa wako haujakua, nani atanilipa?" Ni swali la haki. Tumekubaliana tuanze na upande wa barabara, ule unaomwaga vipande mtaroni. Tutapanda mnyaa kwanza, nyuma yake tutaegemeza matawi ya miiba ya kawaida, na mpungate utang'olewa mnyaa ukishafika kiunoni. Upande wa bondeni atauacha mwaka mmoja zaidi. Vipande vya mnyaa nimeshaomba kwa mtu wa Kisinga, nitavifuata mvua za Septemba zikianza. Ngazi ya kupandia ukuta wa lile ghala bado natafuta.